Ijumaa Niliyotiwa Katika Mtanziko

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliandika kwenye daftari lake: "Nilipofika dukani nilikuwa katika mtanziko, ninunue soda ya machungwa au ya tangawizi." Nikacheka peke yangu, kisha nikaudhika. Nikapiga mstari mwekundu, na pembeni nikaandika: huu si mtanziko, hii ni kiu. Kesho yake akanifuata mezani, mtoto mwenye adabu zake, akaniuliza sasa mtanziko ni nini, maana kamusi inasema ni hali ya mtu kutojua achague lipi, na yeye kweli hakujua achague lipi.

Nilimjibu kama mwalimu anavyojibu. Nilimwambia neno hili halibebi kila uchaguzi. Ukiwekewa vitu viwili na vyote vitamu, ukasimama hapo unajikuna kichwa, hujawa katika mtanziko, umekuwa mzito wa kuamua tu. Mtanziko ni pale kila upande unapokuwa na kitu chako usichoweza kukiacha, na ukiushika huu, ule unakuuma. Nikampa na matumizi yake: tunasema mtu yumo katika mtanziko, au ametiwa katika mtanziko, na hili la kutiwa ndilo linalosikika zaidi, kwa sababu mara nyingi mtu hajitii mwenyewe, anatiwa na wenziwe. Akaandika, akashukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama na kipande cha chaki mkononi, nikakinusa bila kujua kwamba nakinusa.

Harufu ya chaki kwangu si ya darasani. Ni ya baba yangu. Baba alikuwa fundi cherahani, Ngamiani hapa hapa Tanga, na mashine yake ilikaa barazani kwetu. Alikuwa na chaki bapa za kuchorea vitambaa, za buluu na za waridi, na zilimwachia vumbi kwenye vidole na kwenye kanzu yake ya kazini. Pembeni palikuwa na pasi ya mkaa, nzito, ina jogoo juu ya kifuniko, na akiigandamiza kwenye kitambaa alichokinyunyizia maji, mvuke wake ulikuwa na harufu ya nguo mpya, moshi na chaki kwa pamoja. Ninyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Ndiyo iliyonirudisha kwenye mkeka wa Ijumaa moja ya utotoni.

Maana mimi neno hili sikulitoa kwenye kamusi. Nililisikia mara ya kwanza nina miaka tisa, na nilikuwa ndiye niliyetiwa humo.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu nilikuwa na kazi na nilijivunia. Macho ya Baba yalianza kumsumbua mapema, na kutunga uzi sindanoni kulikuwa kunamtesa. Basi mimi ndiye niliyemtungia. Nikitoka shule naketi kwenye kigoda karibu na mashine, yeye anashona, uzi ukikatika ananyoosha mkono tu bila kugeuka, hata jina langu halitaji, nami nimeshaulamba uzi, naupitisha. Fundi bila mimi hana kazi, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wateja, na Baba alikuwa akiwaambia ni kweli. Nilikuwa na majivuno nyie, hata haya sina kuyasema.

Mama yangu ni Mpemba, wa Wete. Yeye na Baba waliachana. Sababu zao ninazijua nusu, na hiyo nusu haiwahusu watu. Nitasema hili tu, kwamba bibi yangu mzaa Mama alikuwa amepofuka kule Wete na hana mtu, Mama akataka tuhamie, Baba hakutaka kuiacha mashine na wateja wake, na maneno yakawa marefu mpaka yakafika yasikofaa kufika. Baba akatoa talaka. Mama akakaa eda yake nyumbani mle mle, kama inavyotakiwa, miezi mitatu, chumba cha ndani, na mimi nikawa nalala naye. Kwangu hakuna kilichobadilika sana. Wali uliendelea kupikwa, mashine iliendelea kulia barazani. Nilidhani hivi ndivyo watu wanavyoachana, mmoja anahamia chumba cha ndani, basi.

Eda ilipokaribia kwisha ndipo likaja suala langu. Mama anarudi kwao, mimi naenda wapi? Kwetu sisi mtoto akishafika umri wa kupambanua mambo hagawanywi na wakubwa kama sufuria. Anahiarishwa. Wanaitwa wazazi wawili mbele ya sheikh na mashahidi, mtoto anaketishwa katikati, anaambiwa amshike mkono yule anayetaka kukaa naye, na atakayemshika ndiye. Mpaka leo naiona ni desturi yenye heshima, kwamba mtu mdogo wa miaka tisa anaulizwa, na neno lake linafuatwa na watu wenye ndevu. Lakini inataka watu wanaojua kuongea.

Sheikh alikuja Jumanne kuwaandaa. Nilikuwa ukumbini, nimejitia nafanya hesabu, nasikia kila kitu. Akawaambia wazazi wangu kwamba Ijumaa baada ya sala ya alasiri atakuja na wazee wawili wa msikitini, na kuanzia siku ile mpaka Ijumaa mtoto asibembelezwe. Asipewe ahadi, asitishwe, asivutwe huku wala kule, ili atakachosema kiwe chake. Halafu akashusha pumzi, akasema, "Mmemtia huyu mtoto katika mtanziko. Basi msimuongezee."

Mimi nikalidaka hilo neno. Sikuwa nimelisikia popote, na kwa jinsi lilivyotamkwa, na Ijumaa iliyotajwa, na wazee wa msikitini watakaokuja, nikajua ni shughuli. Kuna maulidi, kuna khitima, kuna arusi, na kuna mtanziko, na huu ni wangu. Kesho yake shuleni nikamwambia rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja kwamba Ijumaa kwetu kuna mtanziko. Akaniuliza kama kutakuwa na pilau. Nikamwambia inshallah, na nikamkaribisha.

Sasa ngoja niwaeleze zile siku tatu za kutobembelezwa.

Bibi yangu mzaa Baba, Mungu amrehemu, yeye amri ya sheikh aliisikia vizuri sana na hakuifuata hata kidogo. Jumanne ile ile jioni akanipa kashata mbili. Jumatano akaniita jikoni kwake, akanichotea ukoko wa wali wenye nazi nzito, ule ambao kwa kawaida anaula mwenyewe, akaniambia eti Pemba kuna mbu. Alhamisi akanionyesha kipande cha kitambaa cha hariri alichokificha sandukuni miaka yote, akasema hiki kitakuwa cha nani nisipokuwapo, akakirudisha. Alinibembeleza mchana kutwa, na kila akimaliza anasema, mimi sijasema kitu.

Mama hakusema neno, ila alinisuka. Alinifumua nywele Jumatano, akanisuka upya, Alhamisi akafumua tena, akasuka mtindo mwingine. Nilikaa katikati ya magoti yake muda mrefu, na mara moja moja chozi lilikuwa linanidondokea utosini, akilifuta haraka kwa kitambaa. Kama huko ni kubembeleza, sheikh ataamua. Mimi nilijua tu kwamba Mama ananitaka.

Na Baba? Baba yangu alikuwa mtu wa kutii. Akiambiwa kanzu iongezwe urefu vidole viwili, ni vidole viwili, si viwili na nusu. Sheikh amesema mtoto asivutwe, basi Baba akaacha hata kunitazama. Jumatano nikatoka shule, nikaketi kwenye kigoda changu kama kawaida. Uzi ukakatika. Nikangoja mkono. Haukuja. Baba akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akachukua uzi, akaulamba, akajaribu kuupitisha. Ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyohema. Mara ya tano au ya sita ukaingia, akaendelea kushona. Hakugeuka hata kidogo.

Alhamisi hivyo hivyo, ila safari hii uzi ulimkatikia mara tatu, na mara zote tatu alihangaika nao peke yake. Mteja mmoja alikuwa amesimama anangoja suruali, akasema kwani leo msaidizi amegoma? Baba akasema mwache. Neno hilo tu, mwache. Nikanyanyuka pale, nikaingia ndani, na sikulia, kwa sababu nilikuwa na hasira kuliko huzuni. Nilikwisha kuelewa, kwa akili zangu za miaka tisa, kwamba Baba anajizoeza kuishi bila mimi. Kwamba ameshaamua niende, na anachofanya ni kujaribu kama ataweza, na nimeona kwa macho yangu anaweza. Aliyekuwa anaogopa kunibembeleza, mimi nilimwona hanitaki.

Ijumaa ikafika. Hakukuwa na pilau. Kulikuwa na kahawa na tende, na mkeka mpya uliotandikwa ukumbini, na mlango wa barazani umefungwa mchana kweupe, jambo ambalo halikuwa likitokea kwetu ila kwa msiba. Rafiki yangu wa dawati alikuja kweli, amevaa gauni la sikukuu, akarudishwa mlangoni na Bibi.

Sheikh akaketi akielekea kibla, wazee wawili kando yake. Baba kushoto, Mama kulia, amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso. Mimi katikati. Sheikh hakuwa mtu wa kutisha, alikuwa na sauti ya chini na meno machache, na aliniita mwanangu. Akaniambia hapana atakayenikasirikia wala kunichapa. Akaniambia, "Huyu babako, na huyu mamako. Mshike mkono unayetaka kukaa naye."

Nikaitazama mikono. Siwezi kuwadanganya, sikuzitazama nyuso, niliogopa. Mkono wa Mama ulikuwa juu ya goti, umefunguka, kiganja juu. Mikono ya Baba alikuwa ameifumbata mapajani, mmoja juu ya mwingine, amekaza, kama mtu aliyeficha kitu. Vidole vilikuwa na chaki ya buluu. Leo ninajua alikuwa anajizuia asininyooshee. Siku ile niliona mikono iliyofungwa. Moyo wangu wote ulikuwa upande ule, kwenye kigoda na pasi na nyuzi, na mwili wangu ukageuka kulia, nikaushika mkono wa Mama.

Kisha Baba akasema, "Alhamdulillahi." Akainuka, akamwomba sheikh radhi, akaenda uani kutia udhu, ilhali sala ya magharibi ilikuwa mbali bado. Nikasikia maji ya kata yanamwagika, yanamwagika. Mimi ile alhamdulillahi niliichukua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikasema moyoni, umeona? Wakanituma nje nikacheze.

Tukaondoka na Mama kwa boti wiki iliyofuata. Sitajifanya nilikuwa na maisha ya dhiki Pemba, maana sikuwa nayo. Bibi kipofu alikuwa mcheshi kupita watu wenye macho, alinijua kwa hatua zangu na akanifundisha kuchambua karafuu kwa vidole. Mama alirudi kuwa mtu anayeimba akifua. Nilisoma, nikashika nafasi ya kwanza, nikajifunza kusema Kipemba mpaka watoto wa huko wakaacha kunicheka. Nilikuwa mtoto wa watu, nilipendwa. Lakini kulikuwa na saa fulani ya mchana, baada ya shule, ambayo mikono yangu ilikuwa haina kazi, na saa hiyo nilikuwa mgomvi. Mama alikuwa anasema ni jua.

Likizo nilikuwa naletwa Tanga, wiki mbili, tatu. Baba ananipokea bandarini, namwamkia shikamoo Baba, marahaba, ananibebea mzigo, na nyumbani nakuta gauni limeshakatwa, linangoja nipimwe urefu. Kila likizo gauni. Nilirudi kwenye kigoda changu bila kuambiwa na yeye akarudi kunyoosha mkono bila kugeuka, na hapakuwa na mtu yeyote aliyelizungumzia hilo. Siku ya kuondoka, kila mara, tukishatoka nje ya mlango, anasimama, anajitengeneza kofia, ananiuliza: "Una neno?"

Nami namjibu, sina Baba.

Hivyo miaka yote. Kwangu mimi ilikuwa kama mtu kukuuliza umesahau kitu? Mwaka mmoja nikajipa moyo, nikasema leo ninalo neno. Nikamwona ameweka mzigo chini, amenigeukia mzima mzima. Nikamwambia nataka viatu vyeupe, vya kufunga kwa kifungo, kama vya mtoto wa jirani. Akanitazama. Akasema haya. Tulipofika bandarini boti ilikuwa karibu kuondoka, akaniacha na mpagazi, akaenda mbio mpaka mjini, akarudi navyo jasho linamtoka. Vilikuwa vinanibana na sikumwambia.

Sikumwomba kurudi. Ningemwombaje? Mimi nilijua nilishachagua, mbele ya sheikh na mashahidi, na kilichosemwa mbele ya sheikh kimesemwa. Tena yeye hanitaki, na mtu asiyekutaka humwombi. Nina kiburi mimi, nilikuwa nacho tangu hapo. Nikakua nacho, nikamaliza shule, nikasomea ualimu, na kazi ikanirudisha Tanga penyewe. Baba alikwisha kuoa, macho yakamshinda kabisa akaiuza mashine, akahamia shamba lao la Mwera, upande wa Pangani, yeye na Mama Mdogo. Ninakwenda kumwona kila nipatapo nafasi. Tunaongea minazi, tunaongea shule, tunacheka. Lile halikuguswa.

Mpaka Jumamosi ile, baada ya yule mwanafunzi na soda zake. Nilimkuta Baba upenuni, amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi, kazi anayoweza kuifanya bila macho na asiyotaka kusaidiwa. Nikamsimulia kisa cha soda ya machungwa na tangawizi nikijua kitamchekesha. Kikamchekesha sana. Kisha akaacha kukuna.

"Neno hilo alilitaja Sheikh," akasema. "Ile Jumanne."

Nikamwambia nakumbuka, nilikuwepo. Akasema ajabu, alidhani nilikuwa nafanya hesabu. Nikacheka, ila yeye hakucheka. Akaniuliza kama nakumbuka na alichosema Ijumaa, nilipokwisha kutoka nje. Nikamwambia nitakumbuka vipi nisichokisikia. Ndipo akanieleza, taratibu, uso wake ukielekea mnazini, kwamba sheikh aliwaambia yeye na Mama kuwa chaguo la mtoto si pingu. Mtoto akikaa huku akitamani kule, akasema, anapelekwa kule. Akibadilika tena akasema, anarudishwa. Hata mara ngapi. Sharti ni hilo tu, kwamba lisemwe na yeye mwenyewe.

Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Sheikh alisema usibembelezwe."

"Baba, hilo lilikuwa la siku tatu."

Akapapasa kifuu kwa kidole gumba, akazunguka nacho ukingoni. Akasema yeye hakusikia ikitajwa siku ya mwisho. Akasema kukuambia mlango uko wazi si ndiyo kukuvuta? Kwa hiyo alikuwa akiniuliza kama nina neno, kila likizo, mlangoni, kabla hajanishika mkono kunipeleka, ili kama ninalo nilitoe. Zaidi ya hapo aliogopa kuwa amevuka mpaka. Mwaka wa viatu, akasema, alikimbia mpaka mjini huku anajilaumu kwa kutaka nilichotaka kiwe kingine.

Niseme nini? Nilimkasirikia. Mnisamehe, najua ni baba yangu na ni mzee, lakini nilimkasirikia kwa moyo wote, kwa muda wa kama dakika tano hivi, kwa ajili ya vile vidole viwili visivyozidi hata nusu. Nilijiona mtoto yule barazani anangoja mkono, na nikamwona na yeye, anahangaika na sindano, na baina yetu pana kigoda kimoja tu. Machozi yakanitoka, na nilishukuru kwamba haoni, kisha nikaona aibu kwa kushukuru hilo.

Hakunipa nafasi ya kutulia. Aliniuliza, kwa sauti ile ile ya mlangoni, "Na lau ungejua, ungerudi?"

Hapo sasa ndipo nilipokuwa katika mtanziko, mwalimu mzima. Jibu nilikuwa nalo, tena bila ya kulitafuta. Ningerudi. Ningerudi likizo ya kwanza kabisa, gauni halijapigwa pasi. Lakini nikimwambia hivyo, ninampa mzee asiyeona mzigo wa kukaa nao usiku na mchana, kwamba neno moja tu lingetosha na hakulisema. Nikimwambia nisingerudi, nampumzisha, maana kunyamaza kwake kutakuwa hakukumkosesha kitu. Ila nitakuwa nimemwambia kwamba mtoto wake kweli hakumtaka, na hilo ndilo alilolala nalo tangu ile Ijumaa. Na nyuma ya yote yuko Mama yangu, mzima wa afya pale Wete, ambaye anasoma kila ninachokiandika. Mama, ukifika hapa usinikunjie uso. Mkono wako niliushika na ulinilea, na nisingekuwa hivi bila wewe. Mtoto kumtaka babake hakukupunguzii kitu.

Nilifikiri kwa muda gani sijui. Chenga za nazi zilikuwa zimeanza kumkaukia mkononi. Mwisho niliona kwamba katika nyumba yetu watu walikwisha kulindana vya kutosha kwa kunyamaza, na nimechoka.

Nikamwambia, "Ningerudi, Baba. Likizo ya kwanza. Nilikwenda kwa sababu nilidhani wewe hunitaki."

Niliutazama uso wake nikingoja uvunjike. Haukuvunjika. Ulifanya kitu ambacho sikukitegemea, ulifunguka, mashavu yakapanda, na yale macho yasiyoona yakajaa maji. Hakuuliza kwa nini nilidhani hivyo. Hakujilaumu kwa likizo hata moja. Alikiweka kifuu chini, akageuza kichwa upande wa jikoni, akamwita mkewe.

"Hebu njoo," akamwambia. "Njoo umsikilize huyu. Kumbe alikuwa ananitaka."

Mama Mdogo akatoka na mwiko mkononi, akaniuliza kuna nini. Baba akaniambia nimwambie. Nikalirudia lote tangu mwanzo, na Baba akawa anasikiliza, na kila nilipofika kwenye lile neno la ningerudi alinyanyua kidole, nikalisema mara ya pili.